Mkia wa Mukeke

Nyumbani kwetu Buyenzi, mukeke, samaki wa ziwani, aligawanywa kwa cheo. Kichwa kilikuwa cha baba, na hakuna aliyekigusa hata baba akikawia msikitini. Vipande vya katikati, vile vinene, vilikwenda kwenye sinia la kaka zangu. Sisi wasichana, tuliompara magamba, tukamkaanga, tukamtia nyanya na vitunguu, tulikula na mama jikoni: mkia, mchuzi na ugali. Mama hakuona ubaya. Yeye naye alilelewa kwa mkia kule kwao Ujiji, akaolewa, akazaa, na ukimuuliza mbona hali samaki alikujibu kwamba mpishi hushibishwa na moshi.

Mimi ni mkunga. Nimewazalisha wanawake niliokaa nao dawati moja, na sasa baadhi yao wananiletea mabinti zao. Katika kazi hii mtu hujifunza kuusoma ujana wa mwanamke machoni mwake, kwa maana halisi: unavuta kope ya chini, unatazama ndani. Pakiwa pekundu unashusha pumzi. Pakiwa peupe unaanza kuuliza maswali, na majibu yake yanarudi nyuma miaka mitano, sita, hadi kwenye jiko kama lile letu.

Kila ninaposikia lishe ya vijana ikizungumzwa, redioni au mikutanoni, nasikia orodha. Kula mboga, kula matunda, kunywa maji, punguza sukari. Sina ugomvi na orodha. Ila inamsemesha kijana kana kwamba yeye ndiye mwenye mwiko. Mtoto wa miaka 13 mtaani kwetu hachagui anachokula. Anapewa kwa kadiri ya nafasi yake kwenye sinia. Na kile kidogo anachojichagulia, cha faranga za mkononi, anakichagua huku wenzake wanamtazama. Cheo nyumbani, aibu shuleni: mambo hayo mawili ndiyo yanayomlisha kijana, na sijaona bango la afya linaloyataja.

Kwa asiyeijua Buyenzi, huu ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, uliopangwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya watu wenye asili ya Ujiji, Manyema na Uvira na wengine waliosilimu wakaungana nao. Barabara zake huitwa kwa namba. Nyumba zimebanana hivi kwamba kitunguu cha jirani kikiingia kwenye mafuta, unajua kama leo wana nyama au hawana. Kuna mto Ntahangwa, kuna soko la Ruvumera, kuna gereji kila unapogeuka. Chakula chetu kilikuwa mchanganyiko wa Burundi na mwambao wa Ziwa Tanganyika: maharage kila siku ya Mungu, ugali wa muhogo au wa kaunga ya mahindi, lengalenga, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa na kuiva katika mawese ya Rumonge, ndizi za kupika, wali siku ya Ijumaa. Na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Ndagala wabichi wa kukaanga, ndagala wakavu wa mchuzi, ndagala ndani ya sombe, ndagala ndani ya maharage.

Nilivunja ungo mwaka 1996. Mwaka ule, tarehe 25 Julai, Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, na kabla mwezi haujaisha viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaifungia Burundi biashara. Vikwazo vile vilisimamishwa Januari 1999. Yaani ile miaka ambayo mwili wangu ulikuwa unadai kuliko wakati wowote ndiyo miaka ambayo mafuta ya gari yalipanda bei, na kila kilichobebwa na gari kikapanda nayo. Vita vilikuwa vimeanza tangu Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na mitaa mingi ya mji ilikuwa imegawanyika kikabila. Buyenzi ilikataa kugawanyika, na waliokimbia kwingine walipata mahali pa kulala kwetu. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini wageni nao wanakula. Sinia la watu wanane lililiwa na watu kumi na wawili, na mahali pa kwanza kupunguzwa hapakuwa kwa baba.

Nyama ya ng'ombe iliondoka kwanza. Kisha mayai. Kisha mukeke akawa wa siku za wageni. Ndagala walibaki, kwa sababu hawakuhitaji lori la kutoka Dar es Salaam. Walitoka ziwani pale pale. Mama aliwanunua kwa kikombe, akawatia kwenye maharage, akakoroga mpaka huwaoni ila kwa harufu, na wote tukala, baba na kaka zangu na sisi, maana ndagala hana kichwa cha kumpa mkubwa wala mkia wa kumpa mdogo. Analiwa mzima. Leo nikitafakari naona vikwazo vilifanya nyumbani kwetu jambo ambalo hakuna mhubiri wa usawa aliyewahi kuliweza: vilimpa kila mtoto sehemu moja ya samaki.

Na sisi wasichana tuliwachukia ndagala hao kama nini! Nilikuwa nasoma shule ya katikati ya mji, pamoja na watoto wa maofisa na wa wafanyabiashara. Harufu ya ndagala hukaa kwenye nywele, hukaa kwenye sare, hukaa vidoleni hata ukisugua kwa ndimu. Kulikuwa na msemo darasani, kwa Kifaransa, wa kumtambua mtoto wa Buyenzi kwa pua kabla ya kumwona. Basi asubuhi tulitoka nyumbani na chai ya rangi tu, kiporo cha maharage na ndagala tukakiacha kimefunikwa, na saa nne, wakati wa mapumziko, tukatoa faranga zetu kununua andazi na, aliyeweza, Fanta ya machungwa ya kugawana. Kushika chupa ya Fanta mbele ya watu ilikuwa heshima. Hivyo tulikiacha nyumbani chakula chenye samaki, tukalipa pesa kwa ngano nyeupe, mafuta na sukari.

Nieleze kidogo kwa nini hilo linaniuma kama mtu wa afya. Msichana huanza kurefuka kwa kasi mapema kuliko mvulana, kwa kiasi cha miaka miwili. Kwenye miaka 11 au 12 yeye ndiye mrefu, na kaka yake wa umri huo bado ni mtoto. Urefu unaopatikana katika miaka hiyo michache ni karibu asilimia 15 hadi 20 ya urefu wote wa mtu mzima. Mifupa hujijaza madini wakati huo; kufikia miaka 18 msichana amekwisha kuweka karibu sehemu tisa katika kumi za mfupa atakaokuwa nao maishani. Kalsiamu inayopendekezwa kwa umri huo, kwa hesabu ya wataalamu wa Marekani, ni miligramu 1,300 kwa siku, zaidi ya ile ya mama yake anayemnyima samaki. Kisha inakuja hedhi. Kuanzia miaka 14 msichana anahitaji madini ya chuma miligramu 15 kwa siku, mvulana 11. Mvulana naye anahitaji, kwa sababu misuli na damu yake vinaongezeka, lakini yeye hapotezi kila mwezi.

Sasa lipange hilo juu ya sinia letu. Mwenye mahitaji makubwa zaidi ya chuma, na aliyeanza kukua kabla ya wote, ndiye aliyepewa mchuzi.

Maharage yana chuma, lengalenga ina chuma, sombe ina chuma. Tatizo ni kwamba chuma cha mimea mwili hukipokea kwa ubahili. Ukitia samaki au nyama kidogo kwenye sufuria lile lile, kile cha mimea nacho kinapokelewa vizuri zaidi. Ukikamulia ndimu, vivyo hivyo. Ukishushia na chai nzito, kinyume chake: chai hushika chuma tumboni kikapita bila faida. Ndiyo maana wale ndagala wa mama, kikombe kimoja ndani ya sufuria la maharage, walikuwa wanafanya kazi kubwa kuliko wingi wao. Samaki mkavu huyu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa unamtafuna na miiba yake, unapata na kalsiamu ambayo nyumba isiyo na ng'ombe haiipati kirahisi. Mama hakuyajua haya. Alikuwa anatafuta namna ya kuufanya ugali ushuke.

Chai ndiyo ngumu. Burundi ni nchi ya chai, ya Teza na Rwegura, na Buyenzi hatuli bila kikombe pembeni, sukari vijiko vitatu. Nikiwaambia mabinti wasubiri saa moja baada ya chakula ndipo wanywe, wananitazama kama niliyewaambia wasisalimie wakubwa. Mmoja aliniuliza, "Sasa shangazi, ugali utakwama hapa, nifanyeje?" Nikamwambia maji. Akacheka.

Ramadhani yataka maneno yake, na ni maneno ambayo wanaume wa mtaa hawatayapenda. Msichana akibaleghe anaanza kufunga kama wakubwa, na hilo ni jema. Tulilisubiri kwa hamu, daku ilikuwa sherehe kwetu. Lakini aliye hedhini hafungi. Sheria iko wazi: saumu yake haisihi, na siku zile atazilipa baadaye. Ni ruhusa, ni huruma kwa mwili unaotoka damu. Nani alikuwa na ujasiri wa kuitumia? Nyumba ina kaka watatu, baba, ami, wageni wawili kutoka bara. Ukionekana unakunywa maji saa sita mchana, umekwisha kutangaza habari zako kwa watu wote hao. Basi tulikaa na njaa. Hatukula, hatukunywa, wala hatukuwa tumefunga. Siku tano, sita, na damu inatoka, kichwa kinagonga, na magharibi tunafuturu pamoja na wengine kana kwamba tulishinda na saumu. Hakuna thawabu, hakuna chakula.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyekata jambo hilo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kisomo kingi cha Qur'ani. Ramadhani moja aliniita chumbani kwake adhuhuri, akafunga mlango, akaniwekea bakuli la uji wa ulezi na ndizi mbili. Nikasema, "Bibi, nimefunga." Akasema, "Mjukuu wangu, nimefua nguo katika nyumba hii tangu kabla baba yako hajazaliwa. Kula." Tangu siku ile kila msichana wa nyumba ile alijua kwamba chumba cha bibi kina uji. Kaka zangu hawakuambiwa. Hawakuhitaji kuambiwa.

Sijapata kuona ushauri wa lishe wa Ramadhani unaogusa jambo hili. Wanazungumza juu ya tende, wanaonya juu ya sambusa na vitu vya mafuta, wanahimiza maji, na yote ni kweli. Futari ya vitumbua na sharubati tupu humwacha kijana amelala darasani kesho yake. Lakini kwa nusu ya vijana wanaofunga, swali la kwanza ni kama kuna mlango wa kufunga.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na tabia ya kutafuna mchele mbichi. Alipochagua mchele kwenye ungo, kiganja kimoja kwenye sufuria, kimoja mdomoni. Wakubwa walimcheka, wakamwambia ataolewa siku ya mvua. Baadaye akaanza udongo, ule wa kupikwa unaouzwa sokoni kwa wajawazito, na hapo wakaanza kumtazama vibaya, kwa sababu nyingine kabisa. Hakuwa na mimba. Alikuwa na miaka 16, anakaa nje ya mchezo wa kamba kwa sababu moyo unamwenda mbio, na hedhi yake ilikuwa nzito. Siku alipoanguka foleni ya maji ndipo alipopelekwa zahanati. Muuguzi alimvuta kope, akamuuliza, "Udongo unakula?" Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama fundi anayeijua injini. Hamu ya kutafuna vitu visivyo chakula, udongo, mchele mbichi, barafu, mara nyingi ni mwili unaopungukiwa na chuma. Nadhani ni swali lile lililonipeleka kwenye ukunga, ingawa sikulijua wakati ule.

Alipewa vidonge. Vinaleta kichefuchefu, vinafunga choo, na choo kinakuwa cheusi. Asipoambiwa mapema, msichana anaogopa na kuvitupa. Dada aliambiwa, akavimaliza. Mimi leo nawaambia wote, na nawaambia mbele ya mama zao, kwa kuwa mama ndiye anayeviona vidonge vimetupwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba palipoenea upungufu wa damu wasichana wapewe chuma na asidi ya foliki, hata mara moja kwa wiki tu. Ni jambo zuri. Lakini kidonge hakiondoi cheo. Nimewaona wakija na mimba wakiwa na miaka 17, kope nyeupe kama karatasi, nyonga bado hazijamaliza kupanuka, kwa maana nyonga ya msichana huendelea kukua miaka kadhaa baada ya yeye kukaribia kukoma kurefuka. Anapotoka damu wakati wa kujifungua hana akiba. Tunakimbizana kutafuta damu ya kumwongezea, tukilipia kwa haraka samaki aliyenyimwa polepole. Na mtoto anazaliwa mdogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watu husoma hesabu hiyo wakawatazama watoto. Mimi nawatazama mama zao walipokuwa na miaka 13.

Upande wa pili wa mpaka, Huye nchini Rwanda, walifanya jaribio moja ninalolipenda sana. Walichukua wanafunzi wa kike wa chuo kikuu, wa miaka 18 hadi 27, wenye upungufu wa chuma, wakawalisha maharage kwa siku 128: wengine maharage ya kawaida, wengine mbegu iliyozalishwa kwa njia ya kawaida ya kilimo ili iwe na chuma zaidi. Waliokula yale ya chuma damu yao ilipanda. Ninalipenda kwa sababu hawakumwambia mtu abadilishe chakula. Maharage yalikuwa maharage.

Watu huniuliza juu ya wavulana, kana kwamba nimewasahau. Buyenzi wavulana wawili wa umri mmoja hula mbali mbali. Mmoja yuko lise, yaani sekondari, ana faranga zake, anataka soda na andazi na, siku hizi, vile vinywaji vya kopo vya kumfanya mtu asilale. Mwingine aliacha shule, yuko gereji, mikono myeusi, analipwa chakula na ahadi. Saa tano mama mmoja hupita na masufuria yake, na kijana wa gereji anakaa juu ya tairi anakula chapati, maharage na nusu ya avoka. Nitasema jambo la kuwaudhi wazazi waliolipa ada: huyu wa gereji amekula vizuri zaidi. Maharage yana protini na chuma. Avoka lina mafuta mazuri, nayo husaidia mwili kupokea vitamini za mboga akiongezewa lengalenga. Chapati ni nguvu ya kazi. Yule wa lise amekunywa sukari. Chupa moja ya soda ya mililita 330 huwa na sukari kama gramu 35, na Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asipite gramu 25 hivi kwa siku nzima. Tofauti yao haikutokana na elimu. Kijana wa gereji hana wa kumringia. Anakula akiwa na mafundi, na mafundi wana njaa.

Siku hizi kuna aibu mpya, ya umbo. Sisi tulipokuwa wadogo wembamba uliogopwa. Mtu akikonda, majirani walinong'ona ukimwi. Kwa hiyo mafuta mwilini yalikuwa cheti cha afya. Binti wa leo ana simu, anataka kiuno chembamba na makalio makubwa kwa pamoja, na katika miji mingi ya upande wetu huu wa Afrika kuna vidonge vinavyouzwa kimyakimya kwa kazi hiyo. Vingine ni deksamethazoni, dawa halali ya magonjwa mazito, ambayo humvimbisha mtu uso kwa maji na mafuta, ikampandisha sukari na shinikizo la damu. Akinijia binti ambaye mashavu yamejaa ghafla na miguu haijajaa, siulizi anakula nini. Nauliza ananunua wapi.

Turudi ziwani, maana huko ndiko bei inakopangwa. Ndagala huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza samaki huifuata taa ya mvuvi. Usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, na wavuvi wengi hukaa. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za neema na siku za ukame, na kila mama wa Buyenzi anazijua bila kalenda: wabichi wakiwa wengi unanunua, unakausha juu ya bati, unaweka. Lakini neema yenyewe imepungua. Mwaka 2003 wanasayansi waliandika kwamba Tanganyika inapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na rutuba inabaki chini ambako samaki hawaifikii. Uvuvi wa kupita kiasi nao upo. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na kufunga huko ni kwa busara. Lakini ndagala wa Kigoma hufika hadi Ruvumera, na wakipungua, kikombe kinakuwa kidogo na bei inabaki pale pale. Chakula kilichokuwa cha watu wasio na kitu kinaelekea kuwa cha wenye nacho, na sinia linarudia mambo yake. Nimekwisha kuona nyumba ambayo ndagala sasa wanahesabiwa.

Kwangu nimeweka kanuni moja tu, na iligharimu ugomvi na mama mkwe wa miezi kadhaa. Mpishi anapakua kwanza vya watoto walio kati ya miaka 10 na 19, wa kike na wa kiume kwa kijiko kile kile, kisha ndiyo sisi. Mama mkwe alisema ninamvunjia mwanawe heshima. Mume wangu, Mungu ampe umri, alisema hajaona heshima iliyovunjika kwenye kipande cha samaki, akavuta sahani yake. Mama mkwe hakukubali. Alinyamaza, na kwa desturi zetu kunyamaza kwa mama mkwe ni ushindi wa kutosha.

Kilichobaki ni shule. Mpwa wangu wa miaka 14 anakaa kwangu, anasoma mjini, na asubuhi nilikuwa namfungia kibakuli: ugali, maharage, ndagala wawili watatu juu. Kilirudi kizima kila siku. Siku moja akaniambia kwa adabu, macho chini, "Mama mkubwa, ndagala nitakula hapa nyumbani hata kila siku. Lakini usinitilie kwenye kibakuli cha shule, tafadhali." Darasa lile lile, pua zile zile, na karibu miaka thelathini imepita.

Sikubishana naye. Siku hizi nawakausha ndagala vizuri, nawatwanga kwenye kinu na chumvi, nachekecha, na unga wake nautia kijiko kimoja kwenye mchuzi wa karanga na lengalenga. Karanga humeza harufu. Kibakuli kinarudi kitupu. Wiki iliyopita aliniomba nimwongezee kidogo, kwa sababu rafiki yake, mtoto wa ofisa mmoja, anamwomba kila saa nne, na anataka kujua tunaununua wapi huo mchuzi.